Nakala ya Alhamisi

Watu wakiniuliza Bwana Ndeti alikuwa mtu wa namna gani, nawaambia alikuwa mtu wa kusema kila kitu isipokuwa kile kimoja. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Mimi Kasiva, mama yake Wambua, nilikuwa tarishi wa baraza la mji wetu kwa miaka kumi na tisa, na makaratasi ya yule mzee yote yalipita mikononi mwangu. Kama kuna mtu ambaye jambo hili lilimuuma baada ya wenyewe wawili, ni mimi.

Mji wetu ni mdogo. Uko upande huu wa Machakos, ukitoka Mitaboni ukielekea Tala, na wakati huo ulikuwa na soko, kichinjio, stendi, trekta moja la taka, taa za barabarani ambazo nusu yake ziliwaka zikipenda, na wadi kumi na mbili. Kila wadi na diwani wake. Bwana Ndeti aliletwa kwetu mwaka wa tisini na tatu kuwa karani wa mji. Msidanganywe na hilo jina la karani. Karani wa mji ndiye aliyekuwa akiuendesha mji. Maji, taka, soko, wafanyakazi, yote yalikuwa mezani kwake. Madiwani walikuja barazani mara moja kwa mwezi, wakapiga kelele, wakanywa chai, wakaenda zao. Yeye akabaki na kazi.

Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa miaka hamsini hivi, mkewe alishafariki zamani na watoto walikuwa wanajitegemea. Alivaa sweta ya kijivu hata jua likiwa la kupasua mawe. Wiki yake ya kwanza aliniita ofisini, akaniuliza madiwani wanajuaje mambo ya mji kabla ya kikao. Nikamwambia hawajui, wanaambiwa na watu sokoni, ndiyo maana wanakuja wamefura. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari. Ijumaa iliyofuata ikaanza ile kazi iliyonimalizia viatu.

Ilikuwa taarifa ya wiki. Kurasa mbili, wakati mwingine tatu, zimepigwa chapa kwenye stensili na kutolewa nakala kumi na mbili. Ndani yake mlikuwa na kila kilichofanyika mjini wiki hiyo, wadi kwa wadi: bomba gani limepasuka, taa gani imebadilishwa, trekta limeharibikia wapi, ng'ombe wangapi wamechinjwa. Mimi nazitia kwenye mfuko wangu pamoja na kitabu cha kusaini, nazunguka mji mzima kwa miguu. Kila diwani anapokea yake, anatia sahihi, anaandika tarehe na saa.

Kupokea walipokea. Kusoma sasa, hiyo ilikuwa habari nyingine. Diwani Abdilatif, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa mtu mzuri sana, hakunipa nafasi ya kukataa chai yake ya iliki, lakini alitaka nimsomee pale penye ng'ombe tu. Hayo mengine, alisema, ni ya wenyewe. Diwani Levi wa Wadi ya Pili alikuwa na duka, na siku moja nilinunua sukari kwake nikafika nyumbani nikakuta imefungwa kwa taarifa ya mwezi wa nane, sahihi ya Bwana Ndeti iko pale chini imelowa mafuta ya taa. Sikumwambia mzee. Mtu amekesha akiandika, utamwambiaje kitu kama hicho?

Aliyesoma alikuwa mmoja. Diwani wa Wadi ya Sita, ng'ambo ya kijito, Mheshimiwa Nzisa. Alikuwa mjane, mwanamke peke yake katika lile baraza, na kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa ngumbaru, wale watu wazima wanaofundishwa kusoma na kuandika ukubwani. Mara ya kwanza nilipompelekea taarifa alinikalisha kwenye kigoda, akachomoa penseli kwenye nywele, akaanza kusoma hapo hapo, neno kwa neno. Nikamwambia Mheshimiwa, weka sahihi tu niende, niko na safari ndefu ya kurudi. Akanitazama juu ya miwani. Akaniambia mtu hasaini kitu ambacho hajakisoma, na hata mimi nisithubutu siku moja. Nikatulia kwenye kigoda kama mwanafunzi. Alipomaliza alikuwa ameandika pembeni mahali panne, na akaniagiza nimrudishie karani.

Bwana Ndeti alizisoma zile alama akiwa amesimama karibu na dirisha. Taa ya tatu kutoka kinu cha posho mili haiwaki, nimepita mwenyewe. Choo cha soko mnasema kimesafishwa, kimemwagiwa maji tu. Mambo ya namna hiyo. Nilijua atawaka, kwa sababu ni mwanamume gani anapenda kusahihishwa kwa penseli? Badala yake akakaa, akasoma tena polepole, na yule mzee ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, siku hiyo niliyaona.

Tangu hapo nikawa na safari mbili. Alhamisi mchana nilipeleka nakala moja kwa Mheshimiwa Nzisa ili aikague, nikairudisha na penseli yake. Ijumaa asubuhi iliyorekebishwa ikatolewa, ikaenda kwa madiwani wengine, na Mheshimiwa Nzisa anaisaini tu kwa kuwa alishaiona. Bwana Ndeti alinieleza kwamba ni kwa ajili ya kupunguza makosa. Nikasema sawa, mzee. Mimi si mtoto.

Na msinihukumu, hizo karatasi nilikuwa nazisoma njiani. Kijitoni pana jiwe zuri la kupumzikia, na mtu hawezi kupumzika bila kuangalia kitu. Ndivyo nilivyoona nakala ya Alhamisi ikianza kuwa na maneno ambayo ya Ijumaa hayakuwa nayo. Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na nne, katikati ya mambo ya mitaro na vibanda, aliandika: Mjakaranda ulio mbele ya lango la soko umeanza kuchanua. Sasa niambieni, hiyo ni kazi ya baraza? Ikarudi na neno moja la penseli pembeni: Nimeuona. Mwaka uliofuata akaandika kwamba mvua imenyesha Wadi ya Sita peke yake, mji wote umebaki mkavu. Penseli ikajibu: Basi sogeeni huku. Hilo jibu alilikunja akalitia mfukoni mwa ile sweta, na nilimwona akiligusa hata akiwa kwenye kikao na mwenyekiti.

Na huko kwenye kikao, mngewaona! Huyu Mheshimiwa, huyu Bwana Karani, mmoja yuko mwisho huu wa meza na mwingine mwisho ule, wanaongea kuhusu maji machafu ya stendi kama watu wasiojuana. Mimi napanga vikombe na ulimi unaniwasha. Nyumbani kwa Mheshimiwa, mzee hakuwahi kukanyaga. Mheshimiwa naye hakuwahi kuingia ofisini kwa karani bila mlango kuachwa wazi. Miaka ikaenda hivyo, Alhamisi kwa Alhamisi.

Nilivumilia mpaka tisini na sita. Siku moja Mheshimiwa alinipa viazi vitamu vya kuchemsha, bado vya moto ndani ya kitambaa, akasema ni vya ofisi. Ofisi ilikuwa na watu tisa na viazi vilikuwa vitatu. Nikavifikisha, nikafunga mlango, nikamwuliza mzee waziwazi anangoja nini. Nilimwambia kwamba hata kipofu ameshaona, na mimi viatu vimeniishia kwa kubeba maneno ya watu wazima wanaoogopana. Nilidhani atanifukuza. Akakifungua kile kitambaa, akakikunja tena.

"Mama Wambua, mimi ni mtumishi wa madiwani," akasema. "Nikimwoa mmoja, wale kumi na mmoja watasema kila taa inayowaka Wadi ya Sita nimeiwasha kwa sababu hiyo. Na watakuwa na haki ya kusema. Lakini siku atakayotoka barazani, siku hiyo hiyo nitaenda kwake."

Nikamwuliza kama mwenyewe anajua. Akasema hapana, kwa sababu huwezi kumwambia mtu kwamba unangoja aache kiti alichopewa na watu, hiyo ni kama kumsukuma. Akasema tena Mheshimiwa alishatamka barazani kwamba kipindi kimoja kinamtosha. Uchaguzi ulikuwa umebaki mwaka mmoja na miezi. Alikuwa amehesabu mpaka wiki, akanitajia. Nikaona kwamba huyu mtu anaishi kwa hiyo hesabu, anakula nayo na kulala nayo, na nikamwonea huruma hata nikasahau hasira yangu. Ningeweza kuvuka kijito nikamwambia yule mama kila kitu. Nilinyamaza, nikijiambia ni siri ya mkubwa wangu. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa kumi na moja, Mheshimiwa Nzisa akachukua fomu za kusimama tena.

Habari hiyo nilimpelekea Bwana Ndeti mimi, nikiwa nimeibeba bila karatasi. Alikuwa anapiga muhuri barua. Aliendelea kupiga muhuri, moja, mbili, tatu, halafu akauweka chini. Akasema, "Miaka mitano mingine." Kisha akaniuliza kama mvua imekatika, na mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba tulikuwa tunapaaza sauti. Alikuwa na miaka hamsini na nne wakati huo. Nilitoka nje nikajifuta macho, sikutaka anione.

Ile mvua mnaikumbuka, mvua ya El Niño. Ilianza mwezi wa kumi ikasahau kuacha. Barabara zilikatika, maboma yakaanguka, kijito chetu ambacho mtoto alikuwa anakiruka kikawa mto wa kuchukua ng'ombe. Na katikati ya maji yote hayo watu wa Wadi ya Sita walikuwa wanalilia maji ya kunywa, kwa sababu ya kijitoni yalikuwa tope tupu. Mheshimiwa Nzisa alikuwa amepigania bomba la wadi yake miaka yote mitano. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa. Kilichobaki ni mabomba yenyewe. Taarifa ya Ijumaa ya pili ya Desemba ilisema mabomba yamepakiwa Nairobi na yatafika kabla ya Krismasi, na yeye kwa kuwa aliamini kila neno lililotoka kwa karani, akasimama kwa hilo. Kila alipoenda aliwaambia watu wake kwamba mwaka mpya utawakuta wakifungua mfereji wa maji ya bomba. Mpinzani wake, Muindi, kijana wa maneno mengi mwenye pikapu, hakuwa na la kujibu.

Jumatano ya tarehe kumi na saba nilikuwa nimeingia na chai simu ikalia. Bwana Ndeti alisikiliza muda mrefu. Lori lilikuwa limekwama njiani siku mbili, daraja limechukuliwa na maji, wenye mali wamelirudisha Nairobi na mabomba yake. Hawatatuma tena mpaka mvua iishe. Mwezi wa tatu, walisema, pengine wa nne. Alirudisha simu mahali pake na chai ikapoa mbele yake.

Alhamisi nikaja na mfuko wangu kama kawaida. Nakala ilikuwa hapo mezani, imeshapigwa chapa, naiona kwa macho yangu. Nikanyoosha mkono.

"Kesho, Mama Wambua," akasema. "Iende pamoja na za wengine."

Nikamwuliza kulikoni. Akasema huu ni wakati wa uchaguzi, haifai diwani mmoja apate habari kabla ya wenzake. Yalikuwa maneno mazuri. Hata jaji angeyakubali. Lakini alikuwa anaiambia ile karatasi, mimi hakunitazama, na tangu anijue hajawahi kuongea nami bila kunitazama. Nilisimama pale kidogo. Halafu nikaenda nyumbani kupika.

Ijumaa nilianza na soko kama ilivyo desturi, kwa hiyo Diwani Levi alisaini saa tatu asubuhi. Mchana kijito kikafurika, na kila aliyejaribu kuvuka aliitwa arudi. Sikufika Wadi ya Sita. Jumamosi maji yalipopungua kidogo nilivuka viatu vikiwa mkononi na mfuko kichwani, nikakuta nyumba imefungwa. Jirani akaniambia Mheshimiwa ametoka mapema kwa njia ya juu, yuko sokoni anaongea na watu, ndio mkutano wa mwisho. Niligeuka. Nilikuwa mama wa miaka arobaini na sita na nilikimbia tope hilo lote.

Nilipofika alikuwa ameshamaliza kuongea. Aliyekuwa juu ya pikapu ni Muindi, na mkononi alikuwa na karatasi. Kwa umbali ule niliitambua, maana ni mimi niliyeipeleka. Diwani Levi alikuwa rafiki yake. Muindi akasema haya si maneno yake, ni ya karani wa mji mwenyewe, na akasoma: Wadi ya Sita, mtaro uko tayari, mabomba yamerudishwa Nairobi, maji hayatarajiwi kabla ya mwezi wa tatu. Akauliza ni nani aliyewaambia mwaka mpya. Watu kwanza walicheka. Halafu mtu akatamka neno mwongo, na wengine wakalipokea.

Nilijipenyeza mpaka kwake. Mheshimiwa Nzisa aliniona, akauona mfuko, akanyoosha mkono. Akaisoma yote, kurasa zote mbili, amesimama kwenye matope na watu wanamzomea, kuanzia taka za stendi mpaka ng'ombe wa kichinjio. Kisha akachomoa penseli akasaini kitabu changu: tarehe ishirini, saa tano na dakika kumi. Juu ya sahihi yake palikuwa na ya Levi, tarehe kumi na tisa, saa tatu. Aliitazama. Hakuniuliza swali lolote, na mimi nilitamani aniulize, nitukanwe basi, nipate pa kuweka uso wangu.

Alishindwa kwa kura thelathini na nane.

Bwana Ndeti hakwenda siku hiyo hiyo kama alivyoahidi. Alikaa wiki tatu. Halafu Jumapili moja ya Januari akaja kwangu baada ya kanisa, amevaa suti nyeusi iliyokuwa kubwa kidogo mabegani, akaniomba nimsindikize, kwa kuwa mtu wa umri wake haendi kwa mama wa watu peke yake kana kwamba anaenda kuazima jembe. Nilivaa leso yangu safi. Tukashika njia ya kijitoni.

Mheshimiwa Nzisa alitupokea vizuri. Alitupa viti, akatuletea chai, akatuuliza habari za nyumbani, na kwa dirisha tuliona ule mtaro umejaa maji ya mvua mpaka juu. Alikuwa amepungua mwili. Alimwita Bwana Karani, lakini yeye Bwana Ndeti akamwita Mama Mumo, kwa jina la bintiye, mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, na nilimwona yule mama akishtuka kidogo. Kisha mzee akasema lililomleta. Alilisema vizuri, bila kuzunguka, kwamba amempenda tangu ile penseli ya kwanza, kwamba alinyamaza kwa sababu ya kazi, na kwamba sasa amekuja kumwomba awe mke wake. Nilijisikia kama mama wa bwana harusi.

Mama Mumo alivua miwani.

"Ile Alhamisi ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu Jumatano," akasema.

"Mbona haikuja?"

Niliomba Mungu adanganye. Majibu yalikuwa mengi sana. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na kijito, kulikuwa na lile neno lake zuri la uchaguzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni mimi niliyechelewa. Bwana Ndeti akaniwekea mkono, ninyamaze.

"Niliyoandika yalikuwa kweli," akasema. "Lakini ya Alhamisi niliizuia mimi. Nilitaka ushindwe. Nilitaka utoke barazani, nije."

Nilikuwa nangoja Mama Mumo atufukuze, na ningependa atufukuze, kwa sababu hasira huwa inaisha. Aliongea kwa upole, kama anamweleza mtu mzima aliyekuja darasani kwa mara ya kwanza.

"Kile kiti kilinichosha mwaka wa pili, Karani. Unajua kwa nini nilichukua fomu? Niliona nikitoka, Alhamisi zitakwisha. Sikuwa na njia nyingine ya kuendelea kukusoma. Ungeniambia neno moja tu, nisingechukua."

Nilimtazama Bwana Ndeti na nikajuta kumtazama. Mtu aliyewaambia madiwani kumi na mbili kila Ijumaa taa gani imeungua, aliyehesabu ng'ombe na mitaro, alikuwa amekaa miaka mitano bila kumwambia mtu mmoja jambo moja, na huyo mtu alikuwa ng'ambo ya kijito analingoja. Mimi nilikuwa nimelibeba kifuani mwaka mzima na zaidi, napita nalo mlangoni pake kila wiki.

Baadaye Bwana Ndeti akauliza, kwa sauti ndogo, "Na sasa?"

"Sasa sijui," akasema. "Watu niliowafundisha kusoma wameniita mwongo, na wewe ungeweza kuzuia. Nakuonea hasira, na nimefurahi umekuja. Sijui, Karani. Nitakujulisha."

Alitusindikiza mpaka langoni, akaniambia niangalie pale penye utelezi. Tulipofika kijitoni Bwana Ndeti akasimama. Akaniambia, "Alikuwa ananingoja." Akarudia tena hayo hayo. Alikuwa analia na alikuwa anacheka pia, suti imemlowa miguuni, nami nikamshika mkono tukavuka.

Mabomba yalikuja mwezi wa tatu, kama alivyoandika. Muindi ndiye aliyefungua mfereji, akapigiwa makofi. Mama Mumo hakuwepo. Alikuwa amehamia Athi River kwa bintiye, ambaye alikuwa anashona nguo huko viwandani EPZ, akamsaidie na wajukuu. Bwana Ndeti aliendelea na taarifa za Ijumaa mpaka alipostaafu mwaka wa elfu mbili na tatu, bila kukosa hata moja, na mimi nikazipeleka, na hakuna aliyezirudisha na alama yoyote. Alhamisi mchana alikuwa akiniambia niende nyumbani mapema. Alimwandikia Athi River mara mbili, barua za kweli zenye stempu. Hazikujibiwa, wala hazikurudishwa.

Mwanangu Wambua alipata kazi upande huo, kwa hiyo huwa naenda kumwona, na nikienda napita kwa Mama Mumo. Ananiuliza habari za mji, taa zinawaka, soko likoje, anazunguka zunguka hivyo, halafu mwisho kabisa ananiuliza kama yule mzee anakula. Namwambia sema neno nimpelekee, mama, nyote mnazeeka. Anasema bado anafikiri. Nimegombana naye, nimemwimbia, nimemtisha na kifo. Anasema bado.

Yeye mzee anakaa shambani kwake karibu na Mitaboni. Nikirudi safari lazima nimpitie, na nikikosa kupita ananilalamikia. Ananiona nikitokea mbali, anasimama kando ya ua, na kabla hajanisalimia ananitazama mikono. Halafu ananikaribisha chai.